Kuziba Masikio Mbele za Watu

Asubuhi moja, nikipiga pasi shati, mwenzangu wa chumba aliniuliza: "Yule mama wa kwenye simu yako, mtoto wake alipatikana?"

Sikuwa nimemwambia habari za mama yeyote. Nilimwuliza amemjulia wapi. Akanijibu bila hila kwamba amekuwa akimsikia usiku, siku tatu mfululizo, nikiwa nimejilaza na hedifoni masikioni na daftari kifuani. Maneno mengi hakuyashika, alisema, lakini kilio alikishika, na jina la mtoto alilishika. Kisha akalitaja.

Insha hii inahusu swali ambalo ukilitazama haraka ni la dukani tu: mtu anayesikiliza karibu na wenziwe achague hedifoni za namna gani? Nilidhani ni swali la ufundi na bei. Lilinipeleka mbali kuliko nilivyotaka, kwa hiyo nitaanza na kosa langu, maana ndilo lililonifundisha kuuliza.

Muhula ule tulipewa kazi ya isimujamii: kurekodi Kiswahili cha wafanyabiashara wa mpakani, kisha kuyaandika mazungumzo neno kwa neno. Mimi kwetu ni Bwera, na kutoka Bwera hadi mpaka wa Mpondwe ni safari fupi ya bodaboda. Ukivuka mto Lhubiriha uko Kasindi, Kongo. Pale mpakani Kiswahili si somo la darasani kama kilivyo kwa wanafunzi wengi wa Uganda. Ni lugha ya kupimia samaki, kubishania bei ya mawese na kumtania ofisa wa forodha akiwa na tabasamu. Nilirekodi watu kadhaa. Mmoja alikuwa mama anayeuza samaki wa chumvi. Tulianza na bei, tukafika mahali ambapo mimi wala yeye hatukupanga kufika: usiku aliokimbia kijiji chake upande wa Beni, watoto wanne wakimfuata, na asubuhi kukawa na watatu. Nilitaka kuzima simu. Akanizuia kwa mkono wenye magamba. "Acha iandike," alisema. Kisha akaongeza, "Lakini hii maneno usikilize weye peke yako." Niliitikia kwa kichwa. Ahadi ile haikuchukua hata muda wa kufunga samaki kwenye gazeti.

Huku Kasese nimepanga mzigo, yaani chumba kimoja katika safu ya vyumba, ambavyo ukuta wa kati haufiki kwenye mabati. Vitanda vyetu viwili vimeachana kwa urefu wa mkono. Hedifoni nilizotumia ziliazimwa kwa rafiki anayerekodi kwaya. Zilikuwa kubwa, zikafunika masikio yangu yote mawili, na mimi kwa ujinga wangu nikaamini kwamba zikifunika masikio zimefunika na sauti.

Hapa sina budi kueleza ufundi kidogo. Ndani ya kila kikombe cha hedifoni kuna utando mwembamba unaotetemeka mbele na nyuma. Ukisukuma hewa kuelekea sikioni, unavuta hewa upande wa pili, kwa hiyo kila sauti huzaliwa pacha: moja inakuja kwako, nyingine inaelekea nje. Zipo hedifoni ambazo mgongo wa kikombe umeachwa wazi, una matundu kama chujio la chai. Mafundi wa sauti huzipenda kwa sababu hewa haikwami humo, na sauti husikika kana kwamba iko mbele yako chumbani. Zipo nyingine ambazo mgongo umezibwa kwa plastiki au chuma, na ukingo wake una mto mnene unaobana kuzunguka sikio. Hizi humfungia yule pacha wa pili ndani. Nilizoazima zilikuwa za aina ya kwanza. Kwa mtu aliyelala umbali wa mkono, usiku, umeme umekatika na baa ya jirani imefungwa, zilikuwa sawa na redio ndogo.

Kwa kawaida tunapozungumza juu ya sauti inayowafikia wengine tunazungumza juu ya kelele. Uganda ina kanuni za kudhibiti kelele tangu mwaka 2003, na kanuni za namna hiyo hupima desibeli: kiasi hiki mchana, kiasi kile usiku. Lakini sauti ya mama yule haikuwa kelele. Mwenzangu hakuamshwa nayo wala hakulalamika. Ilikuwa ndogo mno hata kipimo chochote kisingeiona. Kosa langu lilikuwa la aina nyingine. Nilikuwa nimepewa kitu cha mtu, nikakibeba katika kapu lenye matundu.

Mwanafalsafa Immanuel Kant aliligusa jambo hili kwa upande mmoja. Katika kitabu chake cha mwaka 1790 kuhusu uwezo wa kuhukumu, anaulaumu muziki kwamba umepungukiwa na adabu, kwa kuwa huenea hadi kwa majirani ambao hawakuuomba, na anaufananisha na mtu anayetoa leso yenye manukato mfukoni na kuwalazimisha wote walio karibu kunusa. Yeye mwenyewe alikerwa na nyimbo za dini za wafungwa wa gereza lililokuwa karibu na nyumba yake kule Königsberg, hata akamwandikia mkuu wa mji. Angepanga chumba Kasese, kati ya baa mbili na kanisa lenye spika nje, nadhani kitabu kisingeandikwa. Lakini Kant anafikiria watu wawili tu: mwenye sauti na jirani. Mimi nilikuwa na wa tatu, yule ambaye sauti ni yake na ambaye hayupo chumbani kujitetea. Tunaposikiliza ujumbe wa sauti wa WhatsApp ndani ya teksi, simu ikiwa imeinuliwa hewani, huyo wa tatu ndiye tunayemvua nguo mbele ya abiria. Abiria huenda wakafurahi. Yeye hajaulizwa.

Basi nilinunua hedifoni zilizozibwa mgongo. Muuzaji mmoja hapa mjini alinivumilia kuliko nilivyostahili. Kwanza nilimwomba acheze wimbo, nikavikutanisha vikombe viwili uso kwa uso na kuvishika kifuani, nione kama sauti inatoroka. Kisha nilimvalisha yeye, nikasimama umbali wa mkono, umbali wa kitanda cha mwenzangu. Jozi ya kwanza ilikuwa na mto mgumu, ikavuja. Ya pili ilibana vizuri kwake, lakini kwangu ikaacha mwanya kwa sababu ya vijiti vya miwani. Jambo hili wanaonunua kwa kuangalia picha hawalijui: miwani, nywele za kusuka, ukingo wa kilemba, vyote huinua mto kidogo, na penye mwanya mdogo sauti hutoka na besi hupotea. Ya tatu ilikuwa na mto laini na mpana. Nililipa shilingi 85,000, fedha ambayo kwa mwanafunzi ni chakula cha siku nyingi. Usiku ule mwenzangu alijilaza kitandani kwake, nikacheza mhadhara wa fonolojia, nikapandisha sauti polepole hadi aliposema, "Hapo nasikia." Nikaweka alama ya wino kwenye simu, mahali pasipovukwa.

Faida nyingine ilinijia bila kuitafuta. Kikombe kilichozibwa kikizuia kelele za nje, hulazimiki kupandisha sauti ili uzishinde. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba sauti ya desibeli 80 isizidi saa 40 kwa wiki, na kadiri inavyopanda saa hizo hupungua haraka. Katika teksi ya Kasese kwenda Bwera, dereva akiwa na muziki wake na barabara na muziki wake, mwenye hedifoni zilizo wazi hujiumiza ili asikie. Hasara ni joto. Kasese ni bonde la jua, na baada ya nusu saa masikio hutoka jasho kama yaliyofunikwa kwa blanketi.

Kama mambo yangeishia hapo, ningekuwa na jibu safi: sauti ya mwenzio ni amana, ibebe katika chombo kilichofungwa, na jirani atalala. Niliamini hivyo kwa muda wa miezi miwili hivi.

Likizo ilipofika nilipanda teksi, tukapita Kikorongo na Kisinga, nikashuka Bwera nikiwa na hedifoni zangu mpya, daftari, na rekodi ambazo bado sijazimaliza. Bibi yangu alikuwa ameanika kahawa uani juu ya turubai. Alikuwa ameigeuza kwa mikono yake kwa zaidi ya wiki na ilikaribia kukauka. Alasiri nilimsalimia, nikaingia chumba cha nyuma, nikavaa hedifoni, nikaendelea na kazi. Nilikuwa mwenye adabu kamili: hakuna hata silabi iliyotoka.

Mvua ya milimani haipigi hodi. Bibi aliniita. Aliniita tena kwa jina langu la nyumbani, kisha kwa jina la ubatizo, ambalo hulitumia akiwa amekasirika. Alianza kuikunja turubai peke yake, mgongo wake hauwezi, na upande mmoja ukamponyoka. Watoto wa jirani walipofika kumsaidia, nusu ya kahawa ilikuwa imekwenda na maji hadi kwenye migomba. Mimi nilitoka baadaye kuja kunywa chai.

Nilitegemea anigombeze kwa ajili ya kahawa. Hakunigombeza. Alisema jambo ambalo limenikaa kuliko lawama: "Ungekuwa umeondoka ningejua niko peke yangu. Ningeanza kuanua mapema, wingu lilipotokea." Alikuwa ameliona wingu. Alisubiri kidogo kwa sababu alijua kuna mtu ndani.

Fizikia yenyewe ilinicheka siku ile. Vikombe vilivyozibwa huzuia zaidi sauti za kati na za juu, na za chini huzizuia kidogo. Ndiyo maana pale Kasese besi ya baa hunipita vizuri tu hadi kwenye fuvu, na kule Bwera ngurumo za mbali nilizihisi. Kilichokatwa kwa ustadi ni sauti ya mwanamke mzee anayeita kutoka uani. Zile hedifoni za bei kubwa zinazotumia umeme kuunda wimbi la kupinga kelele zina tabia ya kinyume, hushinda mvumo mzito usiobadilika, kama wa injini, na sauti ya mtu huzisumbua zaidi. Lakini hizo nazo zina vikombe au mipira ya kuziba sikio. Kwa vyovyote bibi angepotea.

Tangu siku ile naona kwamba mtu anayesikiliza karibu na wenziwe ana madeni mawili, na sisi huzungumzia moja tu. La kwanza ni sauti inayotoka: isiwafikie wasioiomba, isimwage siri ya asiyekuwepo. Hili hulipwa kwa kikombe kilichozibwa, dukani, kwa fedha taslimu. La pili ni sauti inayoingia. Mtu akiwa nyumbani, mwili wake tu ni ahadi. Hakuitamka, lakini wenziwe wanaitegemea wanapopanga kazi, wanapochelewa kuanua, wanapomwacha mtoto achezee karibu na moto. Hedifoni zile zile zinazolipa deni la kwanza ndizo zinazolivunja la pili, na zinalivunja zaidi kadiri zilivyo bora. Ndugu wa dukani hawezi kukuuzia dawa ya hilo.

Wenzangu darasani walinipinga, na mmoja alinipinga vizuri. Alisema: mtu akilala hasikii, mbona hatumdai? Kiziwi je? Nimelifikiria. Aliyelala anajulikana kuwa amelala. Kiziwi hajamdanganya mtu, na wanaoishi naye wamejipanga kwa kumgusa bega au kumpungia mkono. Hakuna kati yao anayetoa ahadi asiyoweza kuitimiza. Kosa langu halikuwa kutosikia. Kosa lilikuwa kwamba niliondoka nikauacha mwili wangu pale, uendelee kutegemewa.

Na kwetu mtu haondoki hivyo hivyo. Anaaga. Hata kwenda dukani kununua sabuni unapitisha kichwa mlangoni: "Bibi, nafika dukani." Si kuomba ruhusa, maana mimi ni mtu mzima. Ni kumpa mwenzio hesabu sahihi ya watu waliopo. Nadhani kuvaa hedifoni zilizozibwa ni safari ya namna hiyo. Anayezivaa aage: "Naziba masikio kwa saa moja, ukinihitaji njoo uniguse." Kisha akirudi asalimie. Ni sentensi moja tu, na ingeokoa nusu gunia la kahawa.

Inanipendeza kwamba hata watengenezaji wa vyombo vya kusikilizia waliwahi kuona haya. Sony walipotoa Walkman ya kwanza mwaka 1979 waliipa matundu mawili ya hedifoni, pamoja na kitufe cha rangi ya chungwa ambacho kikibonyezwa kinashusha muziki na kufungua maikrofoni ndogo ili wasikilizaji wawili waongee. Akio Morita, mmoja wa waanzilishi wa kampuni, alisimulia baadaye kwamba alihofu ni utovu wa adabu mtu kusikiliza peke yake mbele ya mwenzake. Watu wakazinunua wakasikiliza peke yao, na kitufe kile kikaondolewa katika zilizofuata. Hofu ya Morita niliielewa nikiwa Bwera, mbele ya turubai tupu.

Kuna mahali hata kuaga hakutoshi. Mwanafunzi mwenzangu anatoka bonde la Kilembe, kando ya mto Nyamwamba. Mto ule ulifurika Mei 2013, ukafurika tena 2014, na Mei 2020 uliingia hadi hospitali ya Kilembe. Unaposhuka kutoka Rwenzori haubebi maji peke yake, hubeba na mawe makubwa, na watu wa huko husema huyasikia yakigongana kabla maji hayajaonekana. Mwenzangu huyu, mvua ikinyesha mlimani usiku, havai kitu chochote masikioni, hata akiwa huku mjini mbali na mto, hata kesho yake kukiwa na mtihani. Zamani nilimwona mshamba. Kwao, usiku wa mvua, masikio si mali ya mtu binafsi. Kama kumi wako ndani ya nyumba, yapo masikio ishirini yanayolinda watu kumi, na anayeziba mawili ameyaondoa kwenye ulinzi wa wote, aage asiage.

Kiswahili kimeliona hili mapema kuliko mimi. Kusikia ni jambo linalompata mtu. Kusikiliza ni jambo analolichagua. Lakini kusikilizana, yaani kuelewana na kuishi vizuri, haiwezekani kwa mmoja. Kwa miezi miwili nilikuwa nikisikiliza kwa bidii sana, sauti ya mama wa Mpondwe hasa, hadi pumzi zake nikaziandika, na wakati huo huo nilikuwa sisikilizani na mtu yeyote niliyekaa naye.

Hedifoni sijazitupa. Nazivaa katika teksi bila kuaga mtu, kwa kuwa abiria hawanitegemei, ingawa shingo naigeuza kila tunaposimama. Kasese namwaga mwenzangu. Bwera navaa upande mmoja tu nikiwa peke yangu na bibi, na kazi huchukua muda maradufu.

Lakini deni la kwanza nalo lilikuwa halijalipwa. Kununua vikombe vilivyozibwa kulizuia nisivunje ahadi tena, hakukuirudisha ile niliyokwisha kuivunja. Kabla likizo haijaisha nilikwenda Mpondwe. Mama alikuwa mahali pake, samaki mbele yake. Nilimweleza kwamba kijana ninayelala naye chumba kimoja alisikia, siyo yote, lakini jina la mtoto alilisikia. Nilisema nilikuwa na kifaa kibovu, kisha nikajirekebisha: kifaa hakikuwa kibovu, mimi sikuuliza kinafanya kazi vipi. Nikamwambia akitaka naifuta rekodi yote, mbele yake, na kazi ya darasa nitaikosa.

Aliendelea kupanga samaki kwa ukubwa. Mteja alikuja, akanunua wawili, akaondoka. Ndipo akaniuliza yule kijana alisema nini.

Nikamjibu: aliuliza kama mtoto alipatikana.

Alifuta mikono kwenye kitenge, akaniangalia kwa mara ya kwanza tangu nifike. "Usifute," alisema. "Na yeye umwambie, bado."